Vidole Vitatu Kushoto

Owino mwanangu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati ambaye mimi humwambia karibu kila kitu. Macho yako hayana kasoro. Hayajawahi kuwa na kasoro. Umeyalaumu kwa miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili nimekaa kando nikikutazama ukiyalaumu, nikanyamaza.

Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu najijua. Nikianza na salamu, nitasalimia mpaka karatasi iishe. Sasa limeshaandikwa kwa wino.

Naona haya kuandika jina lako hivyo, Owino, bila "Baba" mbele yake. Lakini wewe ndiye uliyetaka. Jumapili ulikuwa umekaa mlangoni ukisugua fimbo zako kwa kitambaa, ukaniambia, "Mama, nilipotoka nyumbani mara ya kwanza, mama hakuniandikia barua. Hakujua kuandika, na macho yake yalikuwa yameshazima. Safari hii nina mama aliyesoma. Niandikie."

Mkeo akacheka kutoka jikoni. "Mwandikie, mama mkwe. Mwambie avae sweta, maana mimi hanisikii."

Ndivyo tunavyoishi tangu nilipozaliwa. Nyanya, mama yako, alifariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa, mkanipa jina lake, Awuor, na pamoja na jina mkanipa cheo. Wewe huniita Mama. Mkeo, ambaye ndiye aliyenizaa, huniita mama mkwe, hasa vyombo vikiwa havijaoshwa. Watu wa nje wakisikia hucheka, sisi tumezoea. Kwa hiyo leo nitakuwa mama yako kwa kadiri ninavyoweza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Dholuo ningeandika "nyathina", mwanangu, halafu nisingeweza kuendelea.

Sitakuambia kuhusu sweta. Sitakuambia usilale kwenye basi, wala uweke simu mfuko wa ndani. Hayo mkeo ameyasema mara tatu tangu saa sita. Nataka kukuambia kuhusu kamba.

Hivi ninavyoandika ni saa kumi na moja jioni. Niko mezani karibu na dirisha, na wewe uko nyuma ya nyumba kwenye grini yetu, kile kipande cha nyasi cha kuingizia mpira wa gofu shimoni. Hakuna mwingine hapa Uriri mwenye grini nyumbani. Majirani walipokuona ukifyeka kile kipande cha nyasi kila Jumamosi hadi kikawa kifupi kama nywele za mwanafunzi, halafu ukavingirisha juu yake pipa lililojaa mchanga, waliuliza kama unatengeneza kaburi la kisasa. Ukawaambia unatengeneza shamba la kuvuna mipira. Ukachimba tundu, ukazamisha mkebe wa maziwa ya unga, na hilo likawa shimo letu.

Nakusikia ukipiga. Umekosa minne mfululizo. Wa tano umeingia, ukaguna kama mtu aliyedanganywa. Natamani kutupa hii kalamu.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda Nairobi. Ukifaulu majaribio utabaki huko, mwalimu msaidizi wa gofu, mtu wa kuvaa fulana yenye kola na kufundisha watoto wa wenyewe. Ukishindwa utarudi kukata nyasi na kubeba mifuko ya watu kwenye uwanja wa mashimo tisa kule kwenye miwa, na umesema mwenyewe kwamba hutajaribu mara ya tatu. Hakuna asiyejua kwamba unaupiga mpira mbali na ukatua pale unapotaka. Unachoshindwa ni hatua mbili za mwisho. Bwana Salim, yule mwenye duka la saruji na mabati Migori mjini ambaye umembebea mfuko miaka mingi, alikuambia mbele yangu, "Owino, mtu anayevuka mto kwa pigo moja anashindwa vipi na shimo lililo miguuni pake? Lina meno?"

Ulicheka. Mimi nilitazama chini, kwa sababu najua meno hayo yalitoka wapi.

Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha kwanza. Ulikuwa umebakiza wiki tano kabla ya majaribio ya kwanza. Nilikuwa nasoma riwaya ya kuazima, nimebakiza kurasa chache za mwisho, na ukaniita. "Mama, njoo unipigie kamba."

Nikaja na kitabu mkononi, kidole kikiwa kati ya kurasa. Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi, lakini niache niieleze, maana nataka tuione pamoja. Vigingi viwili: kimoja nyuma ya mahali mpira unapokaa, kingine ng'ambo ya mkebe. Kati yake kamba ya nailoni, ile ambayo mjomba alituletea kutoka kisiwa cha Rusinga, masalio ya uzi wa nyavu, imekazwa juu ya nyasi kwa kimo cha kiganja ili mpira upite chini yake. Kamba inaonyesha njia ya kutoka mpira hadi katikati ya shimo. Ukiweka uso wa fimbo ukakingama sawasawa na kamba, ukasukuma bila kupinda, mpira hauna pengine pa kwenda.

Kigingi cha mbali nilikipiga kwa jiwe nikiwa nimesimama upande wa mpera, upande ule ule unaosimama wewe ukipiga. Nikainamisha shingo kidogo. Niliona kamba ikipita katikati ya mkebe.

"Iko sawa?" ukauliza.

"Iko sawa, Baba."

Nikarudi kwenye riwaya. Nilipaswa kwenda nyuma ya mpira, nipige goti, nifumbe jicho moja. Ulinifundisha hivyo nikiwa na miaka minane. Kamba iliyoinuliwa juu ya ardhi, ukiitazama kutoka ubavuni, huonekana mahali ambapo haipo. Ukisimama kushoto kwake utaiona imesogea kulia. Mimi nilikuwa kushoto. Kamba niliyoiona katikati ya shimo ilikuwa inapita juu ya ukingo wa kushoto. Na wewe, kwa kuwa husimama upande huo huo, uliona nilichokiona mimi. Tulidanganyika pamoja, lakini wewe uliniamini na mimi sikukagua. Hiyo ni tofauti kubwa.

Siku za kwanza mipira iligonga ukingo na kuruka. Ukasema ni mikono. Ukaisumbua mikono yako asubuhi na jioni hadi ikajifunza, bila wewe kujua, kuusukuma mpira kulia kidogo mwishoni. Basi ikaanza kuingia. Kumi bila kukosa. Ishirini. Mimi nilikuwa naokota mipira kwenye mkebe bila kuutazama, kitabu kingine mkononi. Jioni moja uliingiza thelathini na mbili, ukaimba wimbo wa kanisani ukibadilisha maneno, mkeo akakuambia utapigwa na radi.

Siku sita kabla ya majaribio, mvua ilinyesha alasiri. Ilipokatika nilitoka kuanua nguo. Nikasikia ti. Kimya. Halafu ti tena, kama mtu anayegonga bati kwa ukucha. Nikaifuata sauti mpaka kwenye grini. Matone yalikuwa yamejipanga chini ya kamba kama shanga, na yale yaliyokuwa juu ya shimo yalianguka moja moja. Yalipaswa kuanguka ndani ya mkebe, kwenye maji, bila mlio huo. Yalikuwa yanagonga chuma cha ukingo.

Nilisimama pale na nguo begani. Tone la maji halijui kuanguka kwa upande. Nikapima kwa vidole kutoka ukingo hadi katikati: vitatu. Vidole vitatu kushoto, mwezi mzima.

Wewe ulikuwa kazini. Hapo ningekungoja mlangoni nikuambie, "Baba, nilikosea." Ni maneno mawili tu, yanatosha kwenye ganda la njugu. Lakini nikawaza: amefurahi sana. Nikawaza: nikiinyoosha kamba sasa, atapata siku sita za kufanya mazoezi kwenye kamba ya kweli, na hakuna atakayejua. Niliona huo ni wema. Nikang'oa kigingi, nikakisogeza hadi matone yakaanguka katikati ya maji, nikakipiga tena, nikasawazisha udongo kwa kidole cha mguu. Nilifanya kazi safi. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, hata kwenye somo la jiometri.

Kesho yake mipira yote ilipita kulia.

Sikumbuki kitu kingine vizuri kama asubuhi hiyo. Ulikosa saba. Ukasimama, ukaitazama kamba, ukatazama shimo.

"Mama, kuna mtu amegusa hii kamba?"

"Hapana, Baba."

"Naiona iko kulia kwa shimo."

Nikaenda nyuma ya mpira, nikapiga goti, nikafumba jicho moja, taratibu, kama ulivyonifundisha. "Iko katikati kabisa," nikasema.

Na ilikuwa katikati. Ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kamba ilipokuwa mbovu nilisema iko sawa bila kutazama, ilipokuwa sawa nilitazama kweli na kusema kweli, na ile kweli ndiyo iliyokuharibu, kwa sababu ilitanguliwa na "hapana" moja.

Ulivua kofia. Ukasugua macho kwa viganja viwili. "Basi ni macho," ukasema. "Kamba haiwezi kuwa mbaya, umeipiga wewe. Yameanza, kama ya mama."

Nilikuwa na muda wa kusema. Ulienda hadi kwenye mpera, ukaegemea, ukarudi. Ni muda mrefu. Nilitumia muda wote huo kupanga mipira mstari mmoja kwenye nyasi.

Sikujua wakati huo, au nilijua na sikutaka kujua, kwa nini unaamini kamba kuliko macho. Ni wewe uliyenisimulia. Nyanya alipokuwa haoni tena, bado alipanda mahindi yake mwenyewe. Wewe ulikuwa mvulana, ulimpigia kamba kutoka mwisho wa shamba hadi mwisho mwingine, na yeye akatembea bila viatu akiigusa kwa upande wa mguu, akichimba na kudondosha mbegu, hatua kwa hatua. Mahindi yalipoota, watu wenye macho walikuja kuona mistari yake. Ulisema hakuwahi kukuuliza mara mbili kama kamba imenyooka. Alikuuliza mara moja, ukajibu, akaanza kutembea.

Nikifikiria hilo nashindwa kukaa kwenye kiti. Wewe ulimpigia kamba kipofu na hukumpotosha hata mstari mmoja. Mimi, mwenye jina lake, nilikupigia kamba wewe unayeona.

Uliporudi kutoka majaribio ulikula ukalala. Ni Bwana Salim aliyetueleza: ulishindwa kwa mapigo mawili, na mipira mitano mifupi, ya hatua mbili hivi, yote ilipita kulia kwa shimo. "Kama mbuzi anayejua ni sikukuu," alisema. Tena ulicheka.

Halafu yakaanza mambo ya miwani. Ulienda Isebania mpakani, ukanunua kwa yule mtu anayetandaza miwani kwenye turubai karibu na wabadilisha pesa, ukarudi ukisema sasa unaona hadi jikoni kwa watu wa Sirare, upande wa Tanzania. Ni miwani ya kusomea, Owino. Inalifanya shimo lionekane kama sufuria na kukuumiza kichwa. Kila ukiivaa huniambia, "Mama, ulinirithisha macho mabaya," na unasubiri nicheke. Mara ya kwanza nilicheka. Ulidhani unamtania Nyanya. Hukujua kwamba aliyekupa macho hayo ni mimi hasa, alasiri moja, na jiwe mkononi.

Tangu hapo umekuwa na desturi ambayo inanitia wazimu. Unaweka fimbo nyuma ya mpira, uso wake ukiwa umekingama sawa kabisa. Naona kutoka nyuma, ni sawa kabisa. Halafu, kabla ya kupiga, unaugeuza kushoto kidogo, kama mtu anayekaza kifuniko cha chupa. Mikono yako nayo bado inasukuma kulia, kama ilivyojifunza mwezi ule. Makosa mawili yanavutana. Ukiwa umetulia yanatoshana na mpira unaingia. Ukiwa na wasiwasi moja linasahau kazi yake, na hapo hata wewe hujui mpira unaenda wapi. Kesho kutwa utakuwa na wasiwasi.

Nimejaribu kukurekebisha bila kusema. Nilikuchorea mstari kwenye mpira kwa kalamu nyeusi. Nilikuwekea kipande cha kioo chini ya mpira ili uone kama macho yako yapo juu yake na si ubavuni. Mwezi wa nne nilikuja na kipimapembe cha shule, nikakilaza kwenye nyasi.

"Baba, hapo mwanzo ulikuwa sawa. Kwa nini umegeuza?"

"Mwanzo ni macho, Mama. Kugeuza ni akili."

"Lakini fimbo ilikuwa imenyooka!"

"Imenyooka kwako wewe mwenye macho."

"Imenyooka kwa kipimapembe!"

"Kipimapembe kinaonwa na nani?"

Nilikitupa kwenye migomba. Ulicheka hadi ukakaa chini. "Yawa, mwalimu amekasirika," ukamwambia mkeo, "leo hakuna mapumziko." Nilitafuta kile kipimapembe jioni nzima nikilia, mkaona nalilia kipimapembe.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kitu kimoja ambacho si cha gofu. Nilidhani naweza kulitoa kosa polepole kutoka mwisho wake, huku mwanzo wake umefunikwa. Kioo, kalamu, kipimapembe, vyote vilikuwa kweli. Havikukusaidia kwa sababu ulishakubali jambo moja la uongo chini kabisa, na kila kweli niliyokuletea uliipanga juu ya hilo. Ukiwa na mwanafunzi kule Nairobi anayekosa kila mara na hasikii, huenda si mkaidi. Huenda kuna mtu alimwambia "iko sawa" akiwa na kitabu mkononi. Mwulize nani alipiga kamba yake ya kwanza.

Nimejiuliza pia swali baya zaidi. Je, nilinyamaza kwa sababu sikutaka uende? Siku ile ya mvua, hapana, nakuapia. Miaka iliyofuata sina hakika. Ulikuwa unarudi jioni ukinuka nyasi, tunakaa kwenye grini, wewe unapiga na mimi nasoma, na hatusemi chochote saa nzima. Mimi si mtu wa maneno mengi na watu. Shuleni hukaa mapumziko mazima maktaba ili nisiongee. Kwenye grini sikuhitaji kujificha maktaba. Labda sehemu yangu ndogo iliona kwamba ukiendelea kukosa tutaendelea kukaa hapo. Si jambo zuri kulisema, lakini nimeamua barua hii iwe na yote.

Sasa naogopa vitu viwili. Cha kwanza ni kwamba nitakuvuruga tena mkesha wa safari, kama nilivyokuvuruga siku sita kabla ya ile ya kwanza. Nimekifikiria sana. Nadhani mara hizi mbili hazifanani. Mara ile nilikunyang'anya kamba uliyoizoea bila kukuambia. Leo nakurudishia macho ambayo ni yako, na nakuambia. Kama nimekosea tena katika hili, angalau safari hii utajua ni nani wa kulaumiwa.

Cha pili ni kwamba ukishasoma utaacha kuniita Mama. Nyanya hangekufanyia hivi. Jina ni la mtu anayeuliza mara moja, akijibiwa anaanza kutembea. Mimi sikustahili kuulizwa hata mara moja.

Baba, nisamehe. Nimesahau naandika kama nani. Nisamehe, Baba.

Umekosa mwingine sasa hivi. Nimeona ukiugeuza uso wa fimbo kushoto. Umevua miwani, umeifuta kwa shati, umeivaa tena.

*

Niliacha kalamu hapo. Nilikusudia kuikunja barua na kuificha kwenye mfuko wako wa fimbo, chini, penye mipira ya akiba, ili uikute ukiwa mbali. Lakini niliona huo ungekuwa mchezo ule ule wa kusawazisha udongo kwa kidole cha mguu. Naandika yaliyofuata ili uwe nayo kwenye karatasi, ingawa ulikuwepo.

Nilienda jikoni nikachota maji kwa jagi. Mkeo akauliza, "Mama mkwe, unamwagilia nini saa hizi?" Nikasema kamba. Akanitazama, akaendelea na mboga.

Nilikuja kwenye grini. Uliniambia, "Barua imeisha? Nisomee." Niling'oa kigingi cha mbali, nikasimama upande wa mpera, nikakipiga kama nilivyokipiga ile Agosti. Ukauliza nafanya nini. Nikamimina maji juu ya kamba kutoka kigingi hadi kigingi, nikaujaza maji na mkebe wenyewe, nikakaa kwenye nyasi. Tukasikia. Ti. Ti. Ti.

Ulisogea karibu. Ulipiga goti. Uliweka kidole kwenye ukingo wa mkebe na tone likakiangukia.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa mwezi mzima," nikasema. "Niliipiga mimi vibaya. Halafu niliinyoosha bila kukuambia. Uliponiuliza nilisema hapana. Siku zote mbili macho yako yaliona kile ambacho macho mazima yoyote yangeona kutoka ubavuni."

Nilisogeza kigingi. Nikamimina maji tena. Matone yaliangukia kwenye maji, katikati, na mlio wa chuma ukaisha.

Ulikausha kidole kwenye shati. "Miaka miwili," ukasema. Hukuniita jina lolote. Ukaondoka, ukaenda hadi kwenye migomba ukanipa mgongo. Nilisikia ukivuta pumzi na kuitoa. Nilidhani unalia, halafu nilidhani utanipiga, jambo ambalo hujawahi kulifanya. Niliokota mipira nikaipanga mstari mmoja, kisha nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo nilivyofanya mara ile, nikaacha, nikasimama nikiwa mikono mitupu.

Uliporudi hukuwa na miwani. Uling'oa vigingi vyote viwili mwenyewe, ukaviweka kando pamoja na kamba. Uliweka mpira mmoja hatua mbili kutoka shimo. Ukaweka fimbo nyuma yake. Uso ulikuwa umenyooka. Niliona viganja vyako vikianza kuugeuza kushoto, vikasita, vikarudi. Ulipiga. Mpira ulipita kulia. Ukaweka mwingine, ukapita kulia tena, lakini karibu zaidi. Ulijitazama mikono. Wa tatu uligonga ukingo wa kulia ukazunguka ukatoka, nami nikauma ulimi ili nisiseme kitu. Wa nne uliingia kwa mbele, katikati, bila kugusa ukingo.

Hukucheka wala hukunitazama. Bado ulikuwa umekasirika. Shingo yako ilikuwa imekaza kama mtu aliyebeba gunia.

"Weka mwingine, Mama," ukasema.

Niliweka. Nilipiga goti nyuma ya kila mpira, nikafumba jicho moja, na kila ulipouliza nilikujibu nilichoona: uso umefunguka kulia kidogo, sawa, umejifunga kushoto, sawa, sawa. Tuliendelea hadi mkeo akaita mara ya tatu na shimo likawa halionekani tena. Ulitangulia ndani. Mimi nilikunja kamba, nikaikausha kwa sketi yangu, nikaitundika bandani pamoja na majembe kwa ajili ya kupanda. Kisha nilikuja mezani nikaandika haya, na sasa nakuletea barua mkononi.

Awuor